Anayesema 'sule' amekosea nini?

  Safu yetu ni ya maneno, nawe wajua hivyo, lakini leo neno lenyewe litatufungisha safari ndefu kidogo. Tutakwenda hadi Nadapal, kule kaskazini mwa Turkana, pale Kenya inapoishia na Sudan Kusini kuanza.

Yote yalianza kwa barua. Iliandikwa na kijana anayesoma chuo mjini Lodwar, ila chini kabisa alieleza kwamba maneno hayakuwa yake bali ya shangazi yake anayeishi Nadapal, ambaye hajui kuandika. Kifungua mimba wa mama huyo, mvulana wa miaka 12, alipelekwa kwa jamaa katika mji mmoja wa nyanda za juu ili asomee huko. Siku ya kwanza darasani mwalimu alimwuliza mwaka uliotangulia alikuwa akisoma wapi. Mtoto akasimama, akajibu kwa adabu: "Sule ya kwetu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, badala ya kulinyamazisha, alimtaka arudie. Akarudia vile vile, wakacheka zaidi. Tangu siku hiyo jina lake likawa Sule. Uwanjani Sule, kwenye foleni ya uji Sule, na asubuhi moja alikuta mtu amemwandikia hivyo juu ya daftari lake kwa kalamu nyekundu. Likizo ilipofika alirudi kwao, akakaa kimya siku mbili, siku ya tatu akatangaza kwamba harudi.

Barua ilimalizika hivi: "Shangazi anauliza, hilo neno ni la nani hata mtoto wake achekwe kwa ajili yake?"

Wasomaji wa safu hii aghalabu huniuliza ipi ni sahihi, 'asante' au 'ahsante', 'sikukuu' au 'siku kuu', nami huwajibu kwa mistari mitatu minne nikiwa nimeketi. Swali la mama wa Nadapal nililisoma mara mbili nikaona halijibiki kwa kuketi. Kwa bahati nilikuwa na kazi nyingine Turkana. Nikaichukua barua, nikaitia mfukoni.

Basi neno hilo ni la nani?

Ni la Mjerumani. Wengi wetu tumelisema tangu tukiwa wadogo tukidhani limezaliwa hapa hapa pamoja na 'maji' na 'mtoto'. Mjerumani huliandika *Schule*, tena kwa herufi kubwa ya kwanza hata likiwa katikati ya sentensi, kwani kwao kila nomino hupewa heshima hiyo, iwe ni mfalme, kijiko au kiroboto. Maana yake ni hiyo hiyo tunayoijua sisi: mahali watoto wanapofundishwa. Kwa Kijerumani nomino zina jinsia, na shule ni ya kike, hivyo husemwa *die Schule*, hilo *die* likitamkwa 'dii'. Zikiwa nyingi ni *Schulen*. Wingi huo hatukuuchukua. Kiswahili kililitia neno katika ngeli ya vitu kama nyumba na nguo, ikawa shule hii, shule hizi, na mambo yakaisha.

Sasa nisikilize katika matamshi, maana hapa ndipo penye kesi yetu. Zile herufi tatu za mwanzo, *sch*, ni sauti moja tu, nayo ni 'sh' yetu ya 'shamba'. Mwingereza naye ana *sch* katika neno lake la shule, ila yeye huitamka 'sk'. Herufi zile zile, vinywa viwili. Irabu ya *u* Mjerumani huivuta, kama unavyovuta 'kuu'. Halafu ije ile *e* ya mwisho. Hiyo si 'e' ya 'tembe' wala ya 'pole'. Ni 'e' iliyolegea, ya mtu aliyekwishachoka, inayofifia kabla midomo haijaamua iwe 'e' au 'a'. Ukisikia Mjerumani akisema *Schule*, utasikia 'shuu', kisha 'l', kisha pumzi.

Sisi tunasema 'shu-le', silabi mbili fupi zilizo wazi, na 'e' iliyonyooka kama mshale. Mwambie Mjerumani wa Hamburg hivyo naye atakuelewa, lakini atajua papo hapo kwamba wewe si wa Hamburg. Kwa maneno mengine, msomaji wangu, lile darasa zima lililomcheka yule mtoto, pamoja na mwalimu wake, lilikuwa likikosea neno lenyewe kila siku ya Mungu.

Nilipofika Lodwar nilimtafuta yule kijana wa barua. Tuliketi kwenye kibanda cha chai, joto likiwa limetuama juu ya mabati, nikamweleza hayo. Akacheka, kisha akaniuliza swali zuri kuliko langu: Wajerumani hawakutawala Turkana, basi neno lao lilipitia wapi?

Ni kweli hawakututawala. Katika nchi hii bendera yao ilipepea Witu, karibu na Lamu, kuanzia 1885, na hapo haikudumu. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wao maarufu, Mjerumani akaiacha Witu na madai yake ya Zanzibar, akapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Makao yake yalibaki Tanganyika, Rwanda na Burundi, nchi aliyoiita *Deutsch-Ostafrika*. Wazee wa Tanganyika hawakumwita Mjerumani. Walimwita Mdachi, na ukilinganisha jina hilo na *Deutsch*, jina anavyojiita mwenyewe, utaona hawakuwa mbali.

Mdachi alikuwa na nchi kubwa na watu wake wachache. Alihitaji makarani, wakalimani, watoza kodi, na alitaka waelewane kwa lugha moja kuanzia pwani hadi Ujiji. Kiswahili kilikuwepo tayari kwenye njia za misafara, akakishika. Kule Berlin, seminari ya lugha za mashariki ilianza kufundisha Kiswahili mwaka 1887, na baadaye Mswahili wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikwenda huko kuwafundisha Wajerumani lugha hiyo. Na mjini Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, serikali ya kikoloni ilifungua shule yake ya kwanza. Bagamoyo na Dar es Salaam zikafuata.

Nasema shule, lakini jiulize watu wa Tanga wangeitaje siku hiyo. Waswahili walikuwa na neno lao, nalo ni chuo. Mtoto alikwenda chuoni kusoma Kurani kwa mwalimu wake, na chuo hicho hicho hapo zamani kilikuwa na maana ya kitabu; ndiyo maana msomi mkubwa wa dini ni mwanachuoni. Jumba jipya la Mdachi halikuwa chuo. Hapakuwa na Kurani, palikuwa na hesabu, hati za Kilatini na bendera ya Kaisari. Kitu kipya kikaja na jina lake. Vijana waliotoka humo wakawa makarani na walimu, wakatawanywa bara, nao wakaenda na neno mdomoni.

Hebu tazama jinsi lilivyoingia kwa urahisi. Neno la Mwingereza lilikuja na 'sk' mbele na konsonanti nyuma, ikabidi Waswahili walifungie irabu mkiani, likawa 'skuli'. *Schule* lilikuwa limeshatengenezwa kama letu: konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale Kiswahili kinapoupenda. Halikuhitaji fundi. Liliondolewa ile *c* tu siku tulipokwisha kuzoea tahajia ya Kiingereza. Wakati wa Mdachi hata miji ilivaa herufi zake. Ramani zake ziliandika *Moschi*, *Aruscha*, *Kilimandscharo*. Waingereza walipokuja waliandika 'sh' na 'j', mlima ukabaki pale pale.

Jamaa yake wa karibu ni 'hela'. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia ya koloni lao katika sehemu 100, kila sehemu wakaiita *Heller*. Nao *-er* ya mwisho huitamka kama 'a' iliyofifia. Basi watu wakaandika walichokisikia: hela. Angalieni wanafunzi, hapa sikio lilishika kazi, jicho likapumzika. Anayelijua neno kwa jicho angeandika 'heleri'. Leo fedha hiyo haipo, koloni halipo, lakini Mtanzania akiishiwa husema hana hela.

Mdachi aliondoka kwa vita. Kufikia mwisho wa 1918 alikuwa ameshindwa, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Mbelgiji. Angetazamiwa mtu kusema kwamba 'skuli' sasa ingelifukuza 'shule'. Haikuwa hivyo. Watu walikuwa na miaka 25 wakisema shule, tena ni nani anayebadilisha jina la kitu kwa sababu bosi amebadilika?

Sehemu inayonichekesha ni hii. Mwaka 1928 wakubwa wa elimu walikutana Mombasa kuamua Kiswahili kipi kitakuwa sanifu kwa nchi zote nne za Mwingereza, wakachagua Kiunguja, cha Zanzibar. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na 1939 ikatoka ile kamusi kubwa yenye jina la Frederick Johnson. Kiunguja ndicho kilichoshinda, lakini Unguja wenyewe walisema, na mpaka leo wanasema, skuli. Nenda Zanzibar usome mabango: Skuli ya hapa, Skuli ya pale. Hata Mombasa na Lamu utawasikia watu wakisema mtoto amekwenda skuli. Neno lililoshika vitabu vya Kenya ni la bara, la Tanga ya Mdachi. Kisha mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani, na kila mtoto wa nchi hii, awe wa Lamu au wa Lokitaung, akakabidhiwa kitabu kilichoandikwa 'shule'. Ndiyo njia iliyolifikisha Nadapal. Limekuja kwa mgongo wa kitabu cha kiada.

Nilimwambia yule kijana hayo yote. Akasema, "Lakini shangazi ukimtajia kamati hatalala. Mwambie kwa kifupi." Ushauri mzuri, nimejitahidi kuufuata, ingawa wewe msomaji umeshaona nimeshindwa.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni zaidi ya kilomita 100. Lami imerahisisha mambo. Waliopita huko zamani watakusimulia siku ambazo gari lilipiga kambi katikati ya lagha likingoja maji yapite. Pembeni ni migunga, vilima vyeusi, na mbuzi wanaovuka bila kumwangalia dereva usoni.

Kakuma nilisimama kwa chakula cha mchana, nikapata funzo ambalo sikulitarajia. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na jirani yake, Kalobeyei, ikafuata mwaka 2016. Hapo wanaishi watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko, na watoto wao wanasoma pamoja. Ukikaa karibu na mfereji wa maji saa nane za mchana utasikia kitu kimoja kikiitwa kwa majina chungu nzima. Msomali husema *iskuul*. Kwa sababu 'sk' mwanzoni ni nzito kwake, ameitangulizia irabu. Mwethiopia wa Kiamhara ana jina lenye maana ya nyumba ya elimu. Mkongo husema anakwenda masomo. Mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kiarabu cha Juba ana lake linalotokana na madrasa.

Halafu kulikuwa na wasichana wawili wa Kirundi waliobeba madumu. Niliwauliza kwao shule inaitwaje. "*Ishure*," wakajibu kwa pamoja, na zikiwa nyingi, *amashure*.

Sikiliza tena, msomaji. *Ishure*. Ondoa 'i' ya mbele, geuza 'r' iwe 'l', unabaki na nini? Burundi ilikuwa sehemu ya nchi ile ile ya Mdachi. Wanyarwanda nao husema *ishuri*. Liwe limepita moja kwa moja au kwa kupitia Kiswahili, asili ni *Schule* ile ile, iliyotoka Tanga kwa njia ya reli na makarani, ikazunguka Maziwa Makuu, na sasa imekimbia vita pamoja na wenyewe hadi Kakuma. Hapo imekutana na nduguye aliyepitia kwa Kamati ya Lugha na vitabu vya Nairobi. Ndugu wawili wa baba mmoja, kwenye mfereji mmoja wa maji, hawajuani.

Nawe unajua vizuri kwamba Nairobi mtoto akisema 'shure' anachekwa. Tunamwambia 'l' na 'r' zimemchanganya, lugha ya mama imemharibu. Kumbe Bujumbura hilo ndilo neno sahihi, na ukiandika 'l' ni wewe utakayepigwa alama ya kosa.

Jioni hiyo nililala Lokichoggio, mji uliojulikana kwa ndege za misaada tangu 1989 wakati wa vita vya Sudan, na asubuhi nikaenda Nadapal.

Mama yule nilimkuta chini ya mgunga, huo ambao Waturukana huuita *ewoi*, akisuka kikapu. "Ejok," nikamsalimu. "Ejok noi," akajibu, akanipa kigoda. Mpwa wake alikuwa amempigia simu kwamba nakuja. Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Ndiye wewe mwandishi wa maneno?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi sema. Neno ni la nani?"

Nikamwambia kwa kifupi: ni la wazungu wa kabila lingine, Wajerumani, si la hao waliomcheka mtoto. Waliazima. Na walipoazima nao walilisema kwa mdomo wao, si kwa mdomo wa mwenyewe.

Akafikiri kidogo. "Sasa kama wote wameazima, kwa nini mmoja amcheke mwenzake?"

Hapo ndipo nilipoeleza jambo la sauti, na nalieleza kwako pia mzazi unayesoma, maana huenda una mtoto darasani na wenzake wa kutoka kaskazini. Kiturukana hakina 'sh'. Kina 's', wala hakina shida nayo. Mtu aliyekulia lugha isiyo na sauti fulani huichukua ile iliyo jirani yake, na hilo halina uhusiano wowote na akili. Mswahili akikutana na *ü* ya Kijerumani katika neno *Schüler*, yaani mwanafunzi, ataisema 'i' au 'u', kwa sababu sauti yenyewe, ya kusema 'i' huku midomo imefanywa duara, hanayo. Mjerumani naye akikutana na 'ng'' ya 'ng'ombe' hutaabika sana ikiwa mwanzoni mwa neno, ingawa anayo mwishoni. Sauti hujifunzwa, hasa utotoni, kwa kusikia na kujaribu bila woga. Mtoto akichekwa hufunga mdomo, na mdomo uliofungwa haujifunzi 'sh' wala kitu kingine. Huyo mwalimu, kwa hakika, alifanya kinyume cha kazi anayolipwa.

Mvulana alikuwa nyuma yetu na mbuzi, akijifanya hasikii. Nikamwita. Nikachukua kijiti, nikaandika mchangani: *Schule*. Akaja polepole, akasoma herufi moja moja.

"Hii *c* ni ya nini?" akauliza.

Nikamwambia *s*, *c* na *h* kwa Kijerumani ni sauti moja. Nikamtamkia 'shuu-le' kwa ile *e* ya kuchoka. Akajaribu. Mara ya kwanza ilitoka 's'. Nikamwambia alivute ulimi nyuma kidogo na asukume midomo mbele, kama anayemnyamazisha mtoto mchanga alale. Akafanya 'shhh', mama yake akacheka, naye akacheka. Mara ya nne au ya tano ikatoka *Schule*, na ile irabu ya mwisho aliififisha vizuri kuliko mimi.

Kwa kuwa alikuwa ameshachangamka, nilimpa mengine, nawe nakupa hapa, hasa vijana wenye nia ya kwenda huko. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi mjini Berlin mwezi Septemba 2024, na siku hizi madarasa ya Kijerumani mjini Nairobi yamejaa. Basi jihadharini na *Hochschule*. Ukilikata ni *hoch*, juu, na *Schule*. Wengi huona hapo shule ya upili kwa kufuata Kiingereza. Sivyo. *Hochschule* ni chuo cha elimu ya juu, huingii mpaka umemaliza sekondari na vyeti vyako vimekubaliwa. Anayeandika katika fomu kwamba alimaliza *Hochschule* akiwa na miaka 18 atawafanya makarani wa huko wakune vichwa. Shule ya msingi ni *Grundschule*. Anayekwenda kujifunza kazi ya mikono huku akilipwa, sehemu ya wiki zake au miezi yake huipitisha kwenye *Berufsschule*, shule ya kazi, na hapo *s* ni mbili kabla ya *ch*, ya kwanza ikiwa kiungo cha *Berufs* na ya pili ya *Schule*. Usiipunguze. Halafu chunga sana *Schuhe*, ambalo limepungukiwa na *l* tu likapata *h*. Hivyo ni viatu.

Lililompendeza zaidi mvulana ni *Baumschule*. *Baum* ni mti. Nikamwuliza anadhani ni nini. Akaonyesha kidole upande wa pili wa bonde, kwenye mgunga mwingine mkubwa ambako, alisema, yeye mwenyewe alisoma chekechea akiwa ameketi juu ya jiwe, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina.

"Sule ya mti," akasema. Kisha akajisahihisha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Ilinibidi nimwambie kwamba Wajerumani wana maana nyingine. *Baumschule* kwao ni kitalu cha miche, pale miti midogo inapolelewa kabla ya kupandwa. Akasema yao ni bora, kwa sababu miti haihitaji kwenda shule.

Mama alikuwa na moja zaidi. Aliuliza wazungu hao nao walilipata wapi. Hapo nilimpeleka mbali, kwa Wayunani wa kale. Mjerumani na Mwingereza wote wawili walilitoa kwa Warumi, waliosema *schola*, na Warumi kwa Wayunani, waliosema *skholē*. Na kwa Wayunani neno hilo kwanza halikuwa darasa. Lilikuwa nafasi, wakati mtu alipokuwa hana kazi ya kufanya, akaweza kukaa na wenzake wakajadiliana. Kutoka kwenye nafasi likawa mazungumzo, kutoka kwenye mazungumzo likawa mahali pa kufundishia.

Mama akakiweka kikapu chini. "Kwa hiyo shule ni nafasi."

"Zamani, ndiyo."

"Mwambie huyo," akasema akimwelekezea mwanawe kidevu. "Mimi nimeuza mbuzi watatu kumtafutia hiyo nafasi. Ndugu yake mdogo anachunga peke yake. Yeye anataka kuirudisha kwa sababu ya *s*."

Mvulana hakujibu. Alifuta lile neno mchangani kwa kiganja, akaliandika upya mwenyewe, *S* kubwa mbele, *c* mahali pake. Tulizungumza habari za nauli, na mama akasema zipo habari za shule nyingine karibu na Kakuma yenye bweni, ambako wasemao 'sule' ni wengi kuliko wanaocheka. Atakwenda kuulizia kabla muhula haujafunguliwa. Mpwa wake wa Lodwar ameahidi kumsindikiza. Mimi nilisema nitaandika haya, na kama yule mwalimu wa nyanda za juu husoma ukurasa huu, atajijua.

Nilipokuwa nikiingia garini mvulana alinifuata mbio.

"Mwalimu, hao Wajerumani mbuzi humwitaje?"

"*Ziege*," nikamwambia. "Ile *z* ni 'ts'. Tsii-ge."

Akageuka akawapigia mbuzi wake kelele, "Tsiige! Tsiige!" Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.